Msumari Ndani ya Mwarobaini

Sehemu ya Tisa

Mlioniacha wiki jana mnakumbuka nilipokuwa: nimesimama mbele ya gogo la mwarobaini, chaki mkononi, na mama mkwe mtarajiwa kanipa sharti nisilolielewa.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Nyamvula, wa hapa hapa Likoni, na kazi yangu ni mashine. Si cherehani. Ni msumeno wa mkanda, yaani ule ukanda wa chuma wenye meno unaozungushwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, ukapita katikati ya meza ukila mti wowote unaosukumiwa. Kazi ya Changamwe niliipoteza kwa kukataa kukata mbao bila kinga. Mchumba wa kwanza nilimpoteza kwa sababu mamake alisema mwanamke anayenuka mbao hawezi kupika wali ukaiva. Nikarudi Likoni kichwa chini. Fundi Kaviha akanipa mashine yake kuukuu niitumie, na Mungu akanipa Rashad.

Ndoa ilikuwa iwe Ijumaa. Na mimi, wasomaji wangu, nimeumbwa na upungufu mmoja: situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kusema.

Sasa sharti. Kwetu kitanda cha arusi hutoka upande wa mume. Mzee Bakari, babake Rashad, alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba matendegu, yaani miguu, ya kitanda cha mwanawe yatatoka kwa mwarobaini wa uani kwake, ule uliokatwa mwaka jana kupisha chumba chetu. Neno likishatoka kinywani mwa mzee halirudi. Mkewe, Bi Salha, hakuweza kulipinga. Ila alinivuta jikoni akaninong'oneza:

"Kata utakavyo, mwanangu. Lakini upande ulioangalia kibla usiuguse. Niletee mzima, na gome lake."

"Kwa nini, mama?"

"Si kila kitu huulizwa."

Wallahi, ningekuwa na akili ningeuliza mara ya pili.

Haya. Gogo lilikuwa limelala karakanani kwa Kaviha, fupi, nene, limekauka vizuri. Nikalizunguka. Upande wa kibla ni upi? Mti uliosimama unao upande wa kibla. Mti uliolala una upande wa juu na upande wa chini, basi.

"Rashad, njoo unionyeshe kibla."

"Kibla ni huko," akaonyesha barabarani.

"Cha gogo!"

Akalitazama. Akanyoosha mkono huku, akaugeuza kule, kama askari wa barabarani aliyepoteza magari yake. Akasema siku lilipoangushwa shina lilielekea kisimani na kichwa kikaelekea jikoni, kwa hiyo upande ule ndio huu.

"Una hakika?"

"Nyamvula, mimi nimezaliwa chini ya mti huu."

"Ulizaliwa mti ukiwa umesimama. Tangu hapo umeangushwa, ukakatwa vipande, ukabiringishwa juu ya mkokoteni."

Akacheka. Akanipokonya chaki akachora msalaba mkubwa upande mmoja. "Hapo usiguse. Kwengine kote kula."

Nami nikakubali. Mtu ukimpenda, unampa hata kazi ya dira.

Siku ya kukata ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri. Najua mnaloliwaza. Bibi arusi wiki ya ndoa huwekwa ndani, apakwe singo ang'ae ngozi, ale vya kuletewa. Mimi nilikuwa napakwa vumbi la mbao. Lakini nani mwengine angekata? Kaviha macho yamempungua, na mashine ile haimtaki mtu wa kukisia.

Nikavua bangili, nikavua pete ya uchumba nikaiweka kwenye kopo la skrubu. Nikaufunga ushungi nyuma ya shingo, ncha zake nikazichomeka ndani ya blauzi. Miwani machoni. Glavu sivai kwenye mkanda. Ukidakwa uzi wa glavu, mkono hufuata.

Nikalipitishia gogo sumaku ya spika mbovu, maana mti wa uani haukosi misumari: mara kamba ya nguo, mara bembea ya watoto. Sumaku haikushika kitu. Sikujua bado kwamba sumaku haioni kilichozama ndani.

Rashad akatokea, katoka msikitini na kanzu yake nyeupe, mikono mipana kama tanga.

"Nimekuja kukusaidia kushika."

"Na kanzu hiyo? Rudi nyuma."

"Nishike upande huu tu, wa kulia."

"Hasa huo ndio usisimame! Mkanda ukikatika, huko ndiko hurukia. Nenda kushoto, nyuma ya mstari wa rangi, uniombee dua."

"Bibi arusi gani huyu anamfokea mumewe kabla ya ndoa?"

"Bibi arusi anayekutaka Ijumaa uje na vidole vyote."

Akarudi nyuma ya mstari, ananung'unika. Ule mstari mnaoucheka mafundi wa Likoni, ushikeni. Mtaona kwa nini.

Gogo la mviringo halikatwi hivi hivi. Likishikwa na meno hubiringika, na likibiringika huenda na mkono. Nikalikaza kwa skrubu juu ya ubao bapa ili lisigeuke hata kidogo. Nikashusha kinga mpaka ikabaki nafasi ndogo tu juu ya mti, meno yasiwe wazi zaidi ya yanavyohitajika. Nikawasha, nikangoja sauti itulie. Mkanda ukishika mwendo, sauti yake hulainika. Hapo ndipo unapoanza kusukuma, polepole, mikono huku na huku pembeni, kamwe si mbele ya meno.

Mkato wa kwanza ulipita vyema. Vumbi la mwarobaini ni chungu, ukilivuta unalionja kooni, lakini ndani mti ulikuwa mwekundu, mzuri, nikaona kabisa matendegu yangu manne. Nikazima, nikangoja mkanda usimame, nikageuza gogo likakaa juu ya ubapa wake.

Mkato wa pili nikaanzia upande ulioelekeana na chaki, upande halali.

Nilikuwa katikati sauti ilipobadilika.

Kwanza kama mtu kasaga mchanga. Halafu cheche. Mwili mzima ukataka kufanya jambo moja: kuvuta gogo nyuma. Na hilo ndilo jambo lisilofanywa. Ukivuta nyuma mashine ikizunguka, mkanda hutoka kwenye magurudumu ukakujia. Nikaiachia mikono ilipo, nikapiga swichi kwa goti.

Sikuwahi.

Paa!

Mkanda ulikatika. Kipande chake kikatoka upande wa kulia kikaenda kugonga pipa la mafuta, pale pale Rashad alipotaka kusimama. Pipa likatoboka.

"Nyamvula!" Rashad akaruka mstari.

"Usiguse! Magurudumu bado yanazunguka!"

Tukasimama tunatazamana mpaka yakasimama kabisa. Ndipo nikafungua mlango wa mashine, ndipo nikajitazama vidole. Vyote vipo.

Fundi Kaviha akatoka ndani na kikombe chake cha chai. Mzee wa watu hakuuliza mkanda. Aliinama penye mkato, akatia patasi, akapasua. Ndani ya mti, umemezwa kabisa, kulikuwa na msumari. Mrefu, mweusi, umeliwa na kutu. Na kwenye kichwa chake kipande cha kitambaa kilichoviringishwa, na kitambaani kifungo cha shaba.

Kaviha alirudisha mkono haraka.

"Huu si msumari wa seremala," akasema. "Seremala hafungi kitambaa. Hapa kuna mtu kafungwa."

"Kafungwa vipi, fundi?"

"Kafungwa asende pahali. Kwetu Kaloleni mambo haya yako. Mganga hutwaa nguo ya mtu, hutia msumari, hupigilia mtini. Mti ukiumeza, mtu ndiyo basi, ametulia. Msumari ukitoka…" Akanywa chai. "Mimi ni mzee wa kanisa, Nyamvula. Siamini. Lakini huo siushiki."

Akachukua kigoda chake akaenda kukaa mbali zaidi.

Mimi na Rashad tukaligeuza gogo. Juu ya gome, pale msumari ulipoingilia, palikuwa na kovu la zamani. Na chaki yake ilikuwa upande wa pili kabisa.

"Kibla chako hiki," nikamwambia.

Rashad akaligusa kovu kwa kidole. Halafu akasema labda ni mwizi aliyefungwa, zamani uani palikuwa pakiibwa kuku. Akasema tena, labda. Akafunga msumari kwenye gazeti akanitia mkononi.

"Mimi nawahi watu wa turubai. Mpelekee mama. Yeye tu. Usiseme na mtu."

"Nimekusikia."

"Mtu yeyote, Nyamvula."

Ananijua.

Nikafika kwao jua kali. Bi Salha hayupo, kaenda kwa jirani kuchukua asumini za arusi yangu. Barazani yuko Mzee Bakari, redio ubavuni, anajinyoa ndevu mbele ya kioo cha ubavuni cha lori alichokipigilia ukutani.

Kioo hicho ndicho pekee kilichobaki cha maisha yake ya kwanza. Mzee Bakari alikuwa dereva wa malori, akitoka Kipevu na makontena mpaka Malaba, mpaka Kampala. Likoni nzima inajua kwamba alikuwa haonekani nyumbani, na alipoonekana alikuwa na simu za kupokelea nje. Kisha siku moja, Rashad bado mtoto wa chuo cha Kurani, aliegesha gari akarudi nyumbani na kusema mgongo unamuuma. Tangu siku hiyo ni baraza, msikiti, baraza. Wanawake wa mtaa wakimtaja Bi Salha huongeza, "Mwenzetu kajaaliwa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi bibi arusi ndiye anazurura jua hili? Matendegu yangu vipi?"

"Mkanda umekatika, baba."

"Pole! Hukuumia? Umekatwa na nini?"

Hapo ndipo, wasomaji wangu. Hapo ndipo nilipokuwa na njia mbili. Ningesema fundo la mti. Kila mti una fundo, na neno lilikuwa liko tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimeshatetemeshwa na mashine, nimetembea juani, na ule msumari mfukoni ulikuwa unanichoma kama kaa la moto. Nikautoa.

"Umekatwa na huu."

Akaupokea akicheka. Akakikunjua kitambaa kwa ukucha. Akaona kifungo, kicheko kikamwisha.

"Kifungo hiki nakijua," akasema. "Shati langu la kazi, la kampuni. Lilipotea kwenye kamba. Nikasema limeliwa na mbuzi wa jirani. Mimi na jirani yule tulitukanana, hata leo hatusalimiani." Akaugeuza msumari. "Ulikuwa upande gani wa mti?"

"Wa kibla."

"Mti umelala mwaka mzima. Wewe upande wa kibla umeujuaje?"

Ilikuwa kama pale mashineni: nimeshaingia katikati, mbele kuna chuma, na nyuma hakuvutiki.

"Nyamvula. Nani kakwambia kuna upande wa kibla?"

"Mama," nikasema. "Alisema upande ule nisiuguse, nimletee mzima na gome lake."

Mzee Bakari akazima redio. Povu la sabuni likamkaukia shavuni.

"Kumbe nimekaa kwa msumari," akasema.

"Baba, hayo ni mambo ya waganga tu."

"Najua ni ya waganga. Lakini yeye hajui. Yeye kila siku akinitazama hapa barazani anaona msumari." Akanigeukia. "Unajua siku ile nilipoegesha gari Kipevu nilimwambia nini mkubwa wangu? Nilimwambia, nimechoka kula vya mahoteli njiani, nataka kula cha Salha. Wakanicheka mpaka wakakaa chini."

"Na mgongo, baba?"

"Mgongo haujaniuma hata siku moja! Niliusingizia, watu wasije wakasema Bakari katawaliwa na mke."

Nikataka kucheka, nikaona macho yake yamelowa. Mzee wangu yule, niliyemdhania hana neno ila redio.

Akasimama. Wima, bila kushika ukuta. Akajifuta sabuni, akatia kofia, akavaa viatu vya kamba vilivyokuwa chini ya kitanda cha kamba cha barazani.

"Wenda wapi, baba?"

"Nataka kujua kama miguu hii ni yangu."

"Baba, Ijumaa ndoa!"

"Wewe umefanya vyema, mwanangu. Hukunidanganya." Akauweka msumari juu ya kiti chake, taratibu. Akatoka langoni, akaita bodaboda, nikamsikia kwa masikio yangu: "Changamwe. Pita Dongo Kundu, upesi."

Mimi nilibaki nimesimama kama mpumbavu. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikafika langoni nikarudi. Nikampigia Rashad hakupokea.

Bi Salha akaingia na sinia la asumini kichwani, anaimba.

"Ee, bibi arusi! Hukai ndani wewe? Babako yuwapi, kalala?"

Akatazama kiti.

Sinia lilianguka. Asumini zote chini, nyeupe pe! Aliuchukua msumari kwa vidole viwili, akakaa pale pale sakafuni juu ya maua.

"Nilikwambia upande wa kibla."

"Mama, chaki ilikuwa…"

"Nilikwambia upande wa kibla! Umeniondoshea mume!"

Majirani wakaanza kuchungulia. Rashad akafika mbio, kanzu imekunjwa kiunoni, akaniangalia mimi kwanza. Lile jicho sitalisahau. Halikuwa la hasira. Lilikuwa jicho la mtu aliyeomba kitu kimoja tu.

"Ulimwambia."

"Aliniuliza, Rashad."

"Mtu yeyote, nilisema."

Bi Salha akapangusa uso kwa leso. Akasimama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa baridi.

"Waambie watu wa turubai wangoje. Ijumaa hakuna ndoa. Siwezi kupokea bibi arusi katika nyumba aliyomtoa mwenyewe. Mpaka mwenye nyumba arudi."

Mara ya pili hii! Mama yangu ameshaalika watu mpaka Mtongwe. Yule mama wa mchumba wa kwanza, aliyesema wali wangu hautaiva, ndiye jirani yetu wa mlango wa pili. Na juu ya yote hayo, nampenda Rashad. Niseme tu. Nampenda, na mdomo wangu ndio uliomtoa babake nyumbani.

"Rashad," Bi Salha akasema, "niletee nyundo."

"Ya nini, mama?"

"Kuna mkwaju nyuma. Mti ni mti. Msumari ni ule ule."

Rashad akasita, akaenda, akarudi na nyundo. Mtoto wa mama ni mtoto wa mama.

Nikashindwa kunyamaza. Mmeshanijua.

"Mama, baba hakufungwa. Alikaa kwa kupenda."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Hata mgongo haumuumi. Alitaka kula chakula chako."

"Wanaume wote husema hivyo," akajibu, "mguu mmoja ukiwa nje. Ona! Msumari umetoka mchana, na yeye katoka mchana. Ushahidi gani tena wautaka?"

Kwa hesabu yake alikuwa na haki. Angekaa, ungekuwa msumari. Ameondoka, ni msumari. Mzee wa watu hakuwa na pa kutokea.

Simu yangu ikalia. Nikatazama jina. Ni yeye.

"Baba! Uko wapi?"

"Changamwe, pale malori yanapoegeshwa." Nyuma yake ngurumo za injini, honi, watu wanaitana. "Nyamvula, nimemkuta dereva niliyemfunza mimi. Leo kichwa chake cheupe kuliko changu. Anatoka na mzigo wa Malaba sasa hivi, na kiti cha mbele kiko wazi."

"Baba, nakuomba. Ndoa imesimamishwa. Mama anasema—"

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Weka simu wasikie wote."

Nikaiweka spika, nikaishika mbele ya Bi Salha. Alikuwa na msumari mkono mmoja na nyundo mkono wa pili. Majirani wakausogelea ukuta. Rashad akanisogelea, bega lake likagusa langu, na sikujua kama amenisamehe au ametaka kusikia vizuri.

"Salha," sauti ikasema.

Bi Salha akaubana msumari kiganjani.

"Salha, kila siku nimekula mkononi mwako. Kila magharibi nimetoka msikitini, barabara iko pale pale inaendelea mpaka Uganda, nami nimekata kona kuja kwako. Nina swali moja. Usinijibu la majirani, nijibu lako. Katika siku zote hizo, iko hata moja uliyoamini kwamba nimerudi kwa sababu yako?"

Injini ikanguruma. Mtu akapiga kelele, "Mzee Bakari, panda basi, tunazuia watu!"

Nilimtazama Bi Salha nikamwombea uongo. Ndiyo, mimi niliyeshindwa kusema fundo la mti, nilimwombea mwenzangu aseme uongo. Aseme ndiyo. Neno moja, mume arudi, ndoa yangu iwe.

Akaweka nyundo chini. Msumari hakuuweka. Akainamia simu, karibu kabisa, kama asiyetaka sisi tusikie.

"Hakuna hata moja, Bakari," akasema. "Kila magharibi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango mpaka nisikie viatu vyako. Nawe ukiingia nilikuwa nashukuru msumari." Sauti ikamkatika. "Sikujua kuna mwengine wa kushukuru."

Kule Changamwe ikasikika injini tu.

Tukangoja. Rashad akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikauma. Honi ikalia mara ndefu, breki za lori zikapumua, na tukausikia mlango ukifungwa kwa kishindo. Halafu simu ikakatika.

Mlango ulifungwa, hilo tulilisikia sote. Lakini kama ulifungwa yeye akiwa ndani au akiwa chini barabarani, hakuna aliyejua, na Bi Salha alikuwa ameshakwenda kusimama nyuma ya mlango.